Baba Peke Yake

Mwaka ule wa tisini na tisa, kama kulikuwa na mtu mjini Kisii asiyejua kwamba Nyamoita wa Itumbe atatundikwa ukutani, basi huyo alikuwa mgeni au kiziwi. Lavender, rafiki yake wa kuuza ndizi, alikuwa ameitangaza habari hiyo soko zima, na Lavender akishika habari huna haja ya redio. "Si yeye atakayetundikwa, ni picha yake," mtu alimsahihisha. "Yote ni moja," Lavender akajibu. "Wewe ushawahi kutundikwa wapi, hata kwa kalenda?"

Maonyesho yenyewe yalikuwa ya Tejas, mtoto wa mzee Natwarlal wa studio. Tejas alisomea Mombasa, akafanya kazi Nairobi, kisha akarudi na mashine kubwa ya kuchapa picha kwa wino, akaiweka pale nyuma ambapo zamani baba yake alikuwa na chumba cha giza. Haikutaka dawa wala karai la maji. Ilikuwa inakwenda kushoto na kulia ikinong'ona kama mama mkwe, ikidondosha matone madogo yasiyoonekana kwa macho, na karatasi yake ilikuwa nene, ya pamba, isiyong'aa, ukiigusa unadhani ni kitambaa. Ochoki mchoraji wa vibao alipelekewa nakala ya mchoro wake wa mafahali wanaopigana, akaweka zote mbili mezani, akazunguka mara mbili, kisha akaanza kumtukana Tejas kwa sababu alikuwa amesahau ipi ni yake.

Tejas akaamua watu waone. Akakodi ukumbi chini ya kilima cha Nyanchwa, akaweka siku ya Jumapili ili Wasabato wawe wameshamaliza Sabato yao, akawaita wachoraji na wapiga picha wa Kisii na Nyamira walete kazi. Nyamoita, ambaye riziki yake ilikuwa harusi na ubatizo, alileta picha moja tu. Ndiyo picha ya kwanza aliyowahi kupiga maishani, kwa kamera ya kuazima, alipokuwa msichana wa shule.

Kwenye picha hiyo walikuwa wawili, wamesimama kando ya shamba la chai. Kulia ni mama yake, Bosibori, kikapu kimejaa majani mgongoni, uso ameuinua, anaitazama kamera kama mtu anayetaka kuuliza swali. Kushoto ni Onchiri, mumewe, koti jeusi, mikono mfukoni. Onchiri hakuwa amebeba chochote. Msimu uliofuata wa mvua alihamia Keroka kwa mwanamke mwenye duka la nafaka, na hakuondoka mikono mitupu: aliezua mabati ya jiko la Bosibori, akayapakia kwenye pikapu mchana kweupe, majirani wakitazama. Bosibori akapika msimu mzima akiwa ameshikiliwa mwavuli na bintiye. Uliza Itumbe yote, hakuna asiyeijua hadithi ya mabati.

Kwa hiyo Nyamoita alikuwa amempa mama yake ahadi. Utakuja mjini, utajiona mkubwa ukutani, wewe peke yako, na watu watasimama mbele yako. Bosibori alikwenda kuangalia kama gauni lake la Sabato lina kifungo kilichokatika. Kisha akaanza kuwaalika wanawake.

*

Jumapili asubuhi Nyamoita alifika ukumbini mapema. Wiki nzima alikuwa kwenye harusi upande wa Nyamira, hajaona hata nakala ya majaribio ya picha yake, na Tejas alikuwa amekataa kumwonyesha. "Surprise, dada," alikuwa amemwambia. "Utalia."

Kweli nusura alie. Katikati ya ukuta wa mbele, mahali pa heshima, kwenye fremu nyeusi pana kama meza ya chai, alikuwa Onchiri. Onchiri peke yake. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake vizuri mno: ulihesabu nyuzi za koti, uliona mkunjo wa shingo, ukaona ile nusu tabasamu ya mtu aliyeshiba chakula asichokilima. Mahali pa Bosibori palikuwa pamekatwa. Kilichobaki chake ni ukingo wa kikapu tu, kwenye pembe ya karatasi, kama kitu kilichosahauliwa. Na chini, kwenye kikaratasi cheupe, kwa herufi kubwa: BABA. Picha ya Nyamoita.

"Smart sana, eh?" akasema kijana aliyekuwa akipanga viti. "Ni baba yako? Mnafanana."

Nyamoita angefungua mdomo pale angeuma mtu. Aligeuka, akashuka mteremko kuelekea mjini karibu akikimbia, viatu vya harusi vikimpigia kelele, na kila aliyemsalimu njiani alipata jicho badala ya salamu.

Studio ilikuwa wazi. Mzee Natwarlal alikuwa kwenye kiti chake mlangoni na gazeti. Tejas alikuwa ndani akifunga tai mbele ya kioo.

"Bwakire, Nyamoita," mzee akamsalimu kwa Kigusii, yaani kumekucha, kama alivyomsalimu tangu akiwa mtoto.

"Hakujakucha, mzee! Mtoto wako yuko wapi? Tejas! Toka huko! Toka nikuone hiyo shingo unayoifunga tai!"

Tejas akatoka akicheka, akidhani ni furaha. "Umeiona! Si nilisema?"

"Nimeona nini? Nimeona mwizi wa mabati kwa ukuta! Mama yangu yuko wapi?"

"Mama?" Kicheko kikaanza kumpotea. "Mama nilimtoa. Vile ulisema."

"Mimi? Mimi niseme mama yangu atolewe?"

"Dada, tulia. Ulisimama hapo hapo. Ulikuwa unaongea na mzee Kikisii chenu, mkicheka, halafu ukanigeukia ukaniambia, 'Huyu baba, mkate peke yake, mkubwa. Huyo mwingine mtoe kabisa.' Nilikuuliza mara ya pili: baba peke yake? Ukasema ndio, baba peke yake. Nikafanya baba."

"Ndiyo, nilisema baba!"

"Sasa si ndiye huyo?"

"Huyo ni tata!"

Tejas akamtazama kama mtu aliyeambiwa jua ni embe. Kwenye kiti chake, mzee Natwarlal alikuwa ameteremsha gazeti polepole. Alizaliwa mjini Kisii, mzee yule, na alikuwa akibishana bei kwa Kigusii kabla hajajua kusoma.

"Tejas," akasema. "Hawa watu, mama wanamwita baba. Baba wanamwita tata."

"Mama ndiye baba?"

"Mama ndiye baba! Umekula ndizi zao miaka mingapi na hujui mama wa Mgusii anaitwa nani? Mimi wateja wangu nawajua mpaka majina ya ng'ombe. Wewe unajua jina la karatasi tu!"

"Lakini alikuwa anaongea Kiswahili na mimi, papa! Kwa Kiswahili baba ni baba!"

Na hapo ndipo hasira ya Nyamoita ilipozidi kuchemka, kwa sababu ilikuwa kweli. Aliikumbuka ile siku. Alikuwa ametoka kucheka na mzee, ulimi ukiwa bado nyumbani, na neno likatoka na nguo zake za nyumbani. Angemwambia nini Tejas? Kwamba tangu mabati yaondoke lile neno tata halijapita mdomoni mwake, hata kwa bahati mbaya, na kwamba kwao baba limebaki na mtu mmoja tu? Hasira ambayo ina haki yote ni tamu. Ya kwake ilikuwa na mwiba ndani, na kila alipoimeza ilimchoma. Akaona heri kupiga kelele.

"Na macho je? Huoni picha? Huyu amebeba kikapu cha kuvunja mgongo, huyu amebeba mikono yake mwenyewe, na wewe unachagua wa mikono? Mpiga picha gani wewe?"

"Mimi si mpiga picha. Mimi nachapa," Tejas akasema kwa sauti ya chini. Ilikuwa jibu baya, na alijua.

"Basi chapa! Mama yangu anafika saa nane na pikapu nzima ya wanawake. Washa hiyo mashine."

Tejas akaikuna shingo juu ya tai. "Wino mweusi umeisha."

"Umeisha vipi?"

"Ile koti," akasema. "Koti ni nyeusi sana, dada. Taa ya katriji ilikuwa inawakawaka, nikaomba Mungu, ikafika mwisho wa koti ikazima. Ingine inatoka Nairobi. Labda Jumatano."

Nyamoita akaketi juu ya sanduku la karatasi, akacheka, na kicheko chenyewe kilimtisha mzee Natwarlal kuliko makelele. Onchiri! Mtu aliyechukua mabati sasa amekunywa na wino!

"Weka rangi zingine," akasema. "Si kuna rangi zingine?"

Tejas akajaribu, haki ya mtu mpe. Akamweka Bosibori kwenye kioo cha kompyuta, akaidanganya mashine itengeneze weusi kwa kuchanganya rangi tatu zilizobaki. Mashine ikanong'ona kwa muda mrefu. Kilichotoka ni mwanamke wa rangi ya maji ya dimbwi, macho yamefifia, kikapu cha zambarau. Tejas mwenyewe alishindwa kukishika mbele yake.

"Kwa mbali haionekani mbaya sana," akasema.

"Kwa mbali ya wapi? Ya Nairobi?" Nyamoita alilichukua lile karatasi, likiwa bado bichi, akalikunja mara mbili na kulisukuma ndani ya pipa la taka. "Mama yangu si kijani. Nimemuahidi uso wake, si mzimu wake. Naenda kuitoa ile takataka."

*

Alichelewa. Ukumbi ulikuwa umejaa: wafanyakazi wa benki, walimu, wanafunzi wa chuo wenye mikoba, wake wa wenye maduka na sari zao, na Lavender katikati yao wote akieleza mambo asiyoyajua. Alipomwona Nyamoita alimkimbilia, akamshika mkono.

"Nyamoita, usipige mtu. Niahidi kwanza hutapiga mtu."

"Kwa nini?"

"Amekuja."

Onchiri alikuwa amesimama chini ya Onchiri. Habari zilikuwa zimefika Keroka asubuhi ile ile; nani alizipeleka, nani angeuliza, na Lavender alikuwa akiangalia dari. Alikuwa amevaa suti ya kahawia na kofia mkononi, amenenepa, mvi zimempa heshima asiyoifanyia kazi. Watu wa mjini, wasiomjua, walikuwa wakimpa mkono kwa foleni. Mwalimu mmoja alikuwa akimwambia kwamba ni wazazi wachache waliosomesha mabinti hadi wakawakumbuka hivi.

"Mtoto ni malezi," Onchiri alikuwa akijibu. "Ukipanda vizuri, unavuna." Kisha akamwona. "Ah! Huyu hapa! Binti yangu, njoo. Watu wanataka kutuona pamoja."

"Toka hapo," akasema Nyamoita.

"Mbona hivyo? Nimekuja kwa amani. Nilipoambiwa, nilisema, kumbe damu si maji. Kumbe amenisamehe."

"Nimekusamehe wapi? Nani alikuambia?"

"Si ndiyo hii?" Akaonyesha ukuta kwa kofia. "Umeandika mwenyewe. Baba."

Nyamoita akafungua mdomo kumjibu, lakini nje palisikika pikapu ikizima, na sauti za wanawake wa Itumbe zikaingia kabla yao, kama kawaida yao.

Waliingia kwa mkupuo, leso mpya, viatu vina vumbi la njia nzima, wengine wakiwa bado na vidole vyeusi vya utomvu wa chai ambavyo hakuna sabuni inayovimaliza. Katikati yao Bosibori, kwenye gauni la Sabato, vifungo vyote vipo. Walikuwa wamemweka mbele kama bibi harusi. Na wote, kwa pamoja, wakainua macho ukutani.

Mama mmoja mnene, jirani yao wa ng'ambo ya mto, aliyesoma elimu ya watu wazima na hajapata mahali pa kuitumia, alisogea, akaweka kidole chini ya kile kikaratasi, akasoma kwa sauti: "Ba. Ba."

Akageuka. "Baba?"

Akamtazama Onchiri wa ukutani. Akamtazama Onchiri wa sakafuni.

"Onchiri," akasema kwa Kigusii, na ukumbi mzima wa Wagusii ukasikia, "kumbe wewe ni mama? Ulijifungua lini na hukutuita?"

Kicheko kilichopasuka pale kilianzia kwa wanawake wa Itumbe. Kikawashika wanafunzi, kikawashika watu wa benki, kikafika hadi kwa Ochoki aliyekuwa akilinda mafahali wake. Wenye maduka wakaulizana kuna nini, na mzee Natwarlal, ambaye alikuwa ameingia nyuma akihema kwa kupanda mteremko, akawatafsiria kwa Kigujarati, nao wakacheka kwa zamu yao.

"Baba Onchiri, ulinyonyesha titi gani?"

"Muulizeni alishonwa nyuzi ngapi!"

"Mama gani huyu anaezua jiko la watoto wake mvua ikinyesha?"

"Mabati yako wapi, mama?"

"Yako Keroka! Yamefunika mahindi ya mwenye duka!"

"Nyinyi wanawake hamna chinsoni!" Onchiri akapaza sauti, akitikisa kofia. "Hamna aibu! Mbele ya watu! Mimi nimeitwa hapa kwa heshima!"

"Nani alikuita?" Sasa ilikuwa zamu ya Nyamoita, na hakupiga kelele, kelele zilikuwa zimeshafanya kazi yake. "Mimi niliomba picha ya baba. Baba! Yule aliyesimama pale. Kijana wa studio hakujua lugha yetu akaniletea wewe. Hukuitwa na mtu. Umetundikwa kwa makosa."

Yule mwalimu aliyempa mkono akaufuta kwa suruali, taratibu, kama asiyejua anafanya nini. Onchiri alitazama huku na huku akitafuta uso wa kuuegemea. Akautafuta hata kwa Bosibori. Hakuupata, akavaa kofia, akapita katikati ya wale wanawake waliokataa kumpisha, ikabidi apite kiubavu, akisema samahani, samahani, kila hatua. Kwa mara ya kwanza Itumbe ikalisikia neno hilo mdomoni mwake.

Walishangilia. Lavender akapiga vigelegele. Nyamoita akageuka kumtazama mama yake, akitegemea kumwona akicheka na wenzake.

Bosibori hakuwa akicheka. Alikuwa bado amesimama pale pale, mkoba mikononi, akiutazama ukuta. Macho yake yalikuwa kwenye ile pembe ya karatasi, kwenye kile kipande cha kikapu.

"Hicho ni changu," akasema. "Na mimi niko wapi?"

Tejas alisogea mbele, tai imelegea, akaanza kueleza habari za wino, za katriji, za Jumatano. Akamwita mama, akajisahihisha, akamwita baba, akachanganyikiwa. Bosibori alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza watu wa kituo cha chai wakieleza kwa nini majani yake mazuri yamekataliwa.

"Kwa hiyo wameimaliza nyeusi yote kwa koti lake," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikabaki nje. Tena." Akamgeukia binti yake. "Uliniambia watu watasimama mbele yangu. Nimekuja na watu. Niliwaambia wote."

"Baba, ni makosa yangu. Ulimi uliniteleza. Naitoa sasa hivi." Nyamoita alikuwa ameshaifikia ile fremu, akaivuta kwa nguvu, msumari ukatoka na plasta. Akaiegemeza chini, uso ukutani. "Jumatano wino utafika. Nitakuchapa wewe, vile ulivyokuwa pale shambani. Utakaa hapa hapa."

"Yaya, hapana." Bosibori akatikisa kichwa. "Ile siitaki."

"Huitaki?"

"Ile nimesimama naye. Hata ukimkata, mimi najua yuko. Na pale nilikuwa mpole. Nilikuwa bado namngoja abadilike." Akampa jirani yake mkoba. Akanyoosha gauni kwa viganja vyote viwili, akaenda kusimama mbele ya ukuta mtupu, chini ya tundu la msumari, na alikuwa na uso ambao Nyamoita hakuwahi kuuona, hata siku ya mabati, hata chini ya ule mwavuli. "Kamera yako iko?"

"Iko."

"Basi nipige sasa. Leo nina hasira. Nipige nikiwa nayo."

Nyamoita alitoa kamera kwenye mkoba. Kwenye harusi alikuwa akiwaambia watu watabasamu, wasogee, wainue kidevu. Leo aliweka tu jicho kwenye kamera. Nyuma yake mtu mmoja alianza kuchekacheka, pengine kwa kuona aibu tu, na Bosibori, bila kuondoa macho kwenye kamera, akanyoosha kidole.

"Mtu asicheke," akasema. "Nasema mtu yeyote asicheke."